Foleni, Umri na Mkia: Jinsi Kompyuta Zilivyojifunza Kugawana Mzigo

Copenhagen, 1908–1961

Mwaka 1908 Kampuni ya Simu ya Copenhagen ilimwajiri mwanahisabati wa miaka 30, Agner Krarup Erlang, mtoto wa mwalimu kutoka Lønborg, kijiji cha Jutland. Simu wakati ule ziliunganishwa kwa mkono. Mpigaji alinyanyua mkono wa simu, mhudumu akamsikiliza, kisha akachomeka waya kwenye tundu la anayetafutwa. Laini zikiwa chache wateja hungoja au hukosa kabisa. Zikiwa nyingi, kampuni imefukia fedha zake ardhini kwenye shaba isiyotumika. Erlang alitakiwa aseme zinatosha ngapi.

Swali hilo alilifanyia kazi mezani na mitaani. Inasimuliwa kwamba watu wa Copenhagen walizoea kumwona akifuatana na kibarua aliyebeba ngazi, wakienda kushuka kwenye mashimo ya kebo, kwa kuwa mwanzoni hakuwa na wasaidizi wa maabara na vipimo alivichukua mwenyewe. Mwaka 1909 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu nasibu na mazungumzo ya simu. Mwaka 1917 akatoa fomula za kukadiria wateja wangapi watakosa laini, au watasubiri kwa muda gani pale wanapopangwa foleni.

Ndani ya hesabu hizo mna jambo linalobeba historia yote inayofuata. Chukua foleni nyepesi kuliko zote: mhudumu mmoja, wateja wanaofika kwa nasibu, huduma ambazo urefu wake hautabiriki. Mhudumu akiwa na shughuli nusu ya muda wake, mteja hutumia, kuanzia kufika hadi kuondoka, wastani wa mara 2 ya muda wa huduma yenyewe. Mhudumu akibanwa kwa asilimia 90, inakuwa mara 10. Akibanwa kwa asilimia 99, inakuwa mara 100. Kutoka 90 hadi 99 mhudumu ameongezewa kazi kidogo tu, lakini mteja amepata balaa. Kwa hiyo mahali penye wahudumu kumi, watano wakiwa wameelemewa na watano wamekaa, raha ya hao waliokaa haifidii hata kidogo mateso ya waliopangwa kwa wenzao. Kugawa kazi sawasawa kuna faida kubwa kuliko jicho linavyokisia.

Erlang alifariki mwaka 1929, na mwaka 1946 jina lake likawa kizio cha kimataifa cha kupimia shughuli za simu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi iliyokamilisha zana za mwanzo: idadi ya wateja waliomo ndani ni kasi ya kufika mara muda wa kukaa. Seva inayopokea maombi 200 kwa sekunde, kila moja likikaa robo sekunde, ina maombi 50 ndani yake kwa wastani. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haihitaji kujua wateja wanafikaje wala wanahudumiwa kwa utaratibu gani. Ukijua vitu viwili kati ya vitatu, cha tatu umekipata.

Mashine moja, foleni moja: 1973–1993

Kompyuta za kwanza zilikuwa ghali kiasi kwamba taasisi nzima iligawana moja, kila mtu akiwa kwenye mashine yake ya kuchapia. Mtumiaji aliyeona majibu yanachelewa alitaka kujua kitu kimoja: aendelee sasa au arudi usiku? Mfumo wa TENEX, uliotengenezwa na kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, ulimjibu kwa namba. Ulihesabu programu zilizokuwa tayari kuendeshwa, ile iliyoshika prosesa pamoja na zinazoisubiri, ukatoa wastani. Wastani wa 10 kwa saa nzima ulikuwa na maana kwamba wakati wowote ndani ya saa hiyo ungekuta programu moja inafanya kazi na tisa zimejipanga nyuma yake. Vipimo vya Julai 1973 vilisambazwa kwa watafiti wa mtandao wa ARPANET katika waraka wenye namba RFC 546.

Mfumo endeshi wa Unix ukaurithi wastani huo, Linux ikafuata, na mpaka leo fundi akiandika amri ya uptime anapata namba tatu: ya dakika 1, ya dakika 5 na ya dakika 15. Mwaka 1993 Linux ilibadilishwa ianze kuhesabu pia programu zinazosubiri diski. Sababu ilikuwa ya haki, maana mashine yenye diski ya polepole imeelemewa hata kama prosesa yake imetulia. Lakini tangu hapo namba moja inasema mambo mawili kwa pamoja, na anayegawa kazi kwa kuitazama hiyo peke yake anaweza kuikwepa mashine yenye prosesa iliyo wazi kwa sababu tu diski mojawapo imekwama.

Kompyuta zilizokaa bure: 1982–1988

Kisha kompyuta zikashuka bei, mtandao wa waya uitwao Ethernet ukaziunganisha, na kila mtafiti akapata ya kwake mezani. Shida ya kugombea mashine moja ikaisha, ikaja nyingine. Mwaka 1982 Miron Livny na Myron Melman wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walikokotoa nini kinatokea kwenye mtandao wa mashine nyingi zinazofanana, kila moja ikihudumia wateja wake tu. Walichokiona ni kwamba kuna uwezekano mkubwa sana kazi iwe inasubiri kwenye mashine moja huku nyingine imekaa bure, na kadiri mashine zinavyoongezeka ndivyo jambo hilo linavyokaribia kuwa la uhakika. Uwezo upo, umelipiwa, umewashwa, na hautumiki.

Livny alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Huko yeye na wenzake walijenga Condor, programu waliyoieleza kwa urefu mwaka 1988. Condor iliviziavizia kibodi. Mwenye kompyuta akiondoka mezani, programu ililetea mashine hiyo kazi ya mtu mwingine. Akirudi na kugusa kitufe, kazi ya mgeni ilisimamishwa, hali yake ikahifadhiwa mpaka hatua iliyofikia, ikahamishiwa kwingine ikaendelee pale pale ilipoachia. Mwenye mali hakunyang'anywa haki yake, na hilo ndilo lililowafanya watu wakubali kuchangia mashine zao. Programu hiyo ingali inatumika, sasa kwa jina la HTCondor.

Lakini mashine gani imeelemewa? Jibu la haraka ni kutazama asilimia ya matumizi ya prosesa. Mwaka 1987 Domenico Ferrari na Songnian Zhou wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilipima swali hilo kwenye mashine halisi badala ya kulibishania. Vipimo vilivyojengwa juu ya urefu wa foleni vilivishinda vile vya asilimia ya matumizi. Sababu yake, ukishaambiwa, inaonekana wazi: prosesa ikishafika asilimia 100, namba hiyo haipandi tena, iwe inayosubiri ni kazi moja au ni ishirini. Foleni haina dari. Zhou alikwenda Toronto, na mwaka 1992 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Platform Computing, kampuni iliyouza mfumo wa LSF wa kugawa kazi kwenye makundi makubwa ya kompyuta.

Mwaka mmoja kabla ya jaribio la Berkeley, Derek Eager, Edward Lazowska na John Zahorjan walikuwa wameuliza swali la pili: mashine inahitaji kujua kiasi gani kuhusu wenzake? Walilinganisha njia tatu. Ya kwanza ni kutupa kazi kwa mashine yoyote bila kuuliza. Ya pili ni kuuliza mashine chache zilizochaguliwa kwa nasibu kama foleni yao imevuka kiwango fulani, na kuikabidhi kazi ile ya kwanza isiyovuka. Ya tatu ni kuuliza chache, kulinganisha majibu yote na kuchagua yenye foleni fupi kuliko zote. Hata ile ya kutupa tu ilisaidia sana kuliko kutogawa kabisa. Ya pili iliongeza faida kubwa. Ya tatu, iliyokusanya habari nyingi zaidi, haikuipita ya pili kwa kiasi cha kutajika. Kwa maoni yangu makala hiyo ya 1986 ingepaswa kusomwa na kila mhandisi anayeanza kazi hii, maana ilionyesha mapema mno kwamba habari kidogo iliyo sahihi inafanya karibu kazi yote.

Goddard na Illinois: 1994

Mwaka 1994 mambo mawili yaliyatoa makundi ya kompyuta, ambayo wahandisi huyaita klasta, kutoka maabara chache na kuyapeleka duniani.

La kwanza lilitokea kituo cha NASA cha Goddard, Maryland. Thomas Sterling na Donald Becker walichukua kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za Intel 486 DX4, wakaziendesha kwa Linux na kuziunganisha kwa Ethernet. Kwa kuwa prosesa zilikuwa na kasi kuliko waya mmoja unavyoweza kubeba, Becker aliandika programu iliyotandaza mawasiliano kwenye njia zaidi ya moja. Waliuita mradi huo Beowulf. Chuo kisicho na mamilioni ya kununua kompyuta kubwa kikaweza kujijengea yake kwa vifaa vya dukani.

Hesabu za kisayansi zinazofanywa kwenye klasta za aina hiyo zina tabia yake. Kazi ya kutabiri mwendo wa hewa, kwa mfano, hukatwa vipande 16; kila mashine inakokotoa kipande chake, kisha zote husimama zibadilishane majibu ndipo hatua inayofuata ianze. Mashine 15 zikimaliza kwa dakika 10 na moja kwa dakika 15, hatua nzima imechukua dakika 15. Wastani wa mzigo ni dakika 10 na ushei, na wastani huo haumsaidii mtu. Kwa hiyo wanasayansi wakazoea kupima uwiano wa mashine iliyochelewa kuliko zote dhidi ya wastani. Uwiano ukiwa 1, kazi imegawika, ukiwa 1.5, theluthi ya fedha za klasta inateketea katika kusubiriana.

La pili lilitokea Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kwenye kituo cha NCSA kilichokuwa kimetoa programu ya Mosaic, ya kufungulia kurasa za wavuti, mwaka uliotangulia. Mosaic iliwavuta watu kwenye intaneti, na wengi wao walianzia tovuti ya NCSA yenyewe. Seva moja ikashindwa. Wahandisi wa kituo wakaweka seva kadhaa zenye kurasa zilezile nyuma ya jina moja, na mfumo wa majina ya intaneti ukawa unatoa anwani zao kwa zamu: anayeuliza kwanza anapewa ya kwanza, wa pili ya pili, na kuendelea.

Njia hiyo ilikuwa rahisi na bado inatumika, ila ina kasoro mbili kubwa. Aliyepewa anwani huiweka akiba, na anayeiweka aghalabu si mtu mmoja, ni mtandao wa chuo au wa kampuni nzima. Kwa hiyo zamu inagawa mitandao, wakati mzigo unaletwa na watu, na mtandao mmoja unaweza kuwa na watu watatu au elfu kumi. Tena mfumo wa majina hauna habari kama seva iko hai. Seva ikizimika, anwani yake inaendelea kutolewa zamu yake ikifika.

Mbili badala ya moja: 1994–1997

Mwaka huohuo wa 1994 Yossi Azar, Andrei Broder, Anna Karlin na Eli Upfal walitoa matokeo ya kihisabati ambayo bado yananishangaza. Ukirusha mipira mingi kwenye ndoo nyingi, kila mmoja kwenye ndoo ya nasibu, kuna ndoo zitakazojaa isivyo haki. Sasa kwa kila mpira chagua ndoo mbili kwa nasibu, kisha uutie kwenye ile yenye michache. Tofauti kati ya ndoo iliyojaa kuliko zote na nyingine inaporomoka, inaporomoka kwa kiwango kisichotarajiwa kabisa kutokana na kutazama ndoo moja tu ya ziada.

Michael Mitzenmacher, katika tasnifu yake ya uzamivu huko Berkeley mwaka 1996, alilihamishia jambo hilo kwenye foleni za seva; na Moscow, mwaka huohuo, Vvedenskaya, Dobrushin na Karpelevich walifikia hesabu ileile kwa njia yao. Rudi kwenye foleni ya Erlang. Seva nyingi zikibanwa kwa asilimia 90 na kazi zikigawiwa kwa nasibu, kila kazi inakaa kwa wastani mara 10 ya muda wake wa huduma. Ikichagua seva mbili na kuingia yenye foleni fupi, inakaa mara 2.6 tu. Kwa asilimia 99, mara 100 zinashuka hadi mara 5.4. Kuuliza ya tatu kunaongeza faida ndogo, ya nne ndogo zaidi. Kile ambacho Eager na wenzake walikionyesha kwa mifano ya kompyuta miaka kumi kabla, sasa kilikuwa na uthibitisho.

Mitzenmacher aliendelea akauliza swali lililowahusu moja kwa moja wenye klasta halisi: habari za foleni zikiwa zimepitwa na wakati, itakuwaje? Mwaka 1997 alionyesha kwamba kumtafuta mwenye foleni fupi kuliko wote kunaweza kuwa kubaya kuliko kuchagua kwa nasibu. Ni kama stendi inayotangaza kila baada ya robo saa basi lenye nafasi nyingi: abiria wote wanalikimbilia lile lile, na tangazo lijalo linakuta limefurika huku mengine yakiondoka matupu. Kuchagua mbili kwa nasibu kunavunja msongamano huo, kwa sababu wagawaji hawaangalii jozi moja.

Wakati huohuo, Mor Harchol-Balter na Allen Downey, nao wa Berkeley, waliuvunja usemi uliokuwa umekubalika karibu kila mahali. Nadharia nyingi zilichukulia kwamba umri wa kazi hauelezi chochote kuhusu maisha yake yaliyobaki, na kwamba kuhamisha kazi ambayo imekwisha kuanza ni hasara tupu. Wawili hao walikusanya kumbukumbu za programu halisi zilizoendeshwa kwenye mashine za chuo. Wakaona kwamba uwezekano wa programu kuishi zaidi ya sekunde T ni karibu moja juu ya T. Maana yake, programu iliyokwisha kutumia sekunde 10 za prosesa ina nusu ya uwezekano wa kutumia nyingine 10 au zaidi. Iliyotumia dakika 10, vivyo hivyo kwa dakika 10. Nyingi zinakufa changa, na chache zinazozeeka ndizo zinazokula sehemu kubwa ya prosesa. Basi anayetaka kupunguza mzigo ahamishe kazi kongwe, aziache changa zijimalize. Bila kupima, jambo hilo lisingejulikana kwa kukaa na kufikiri.

Intaneti inafurika: 1997–2004

Biashara haikuwangoja wanahisabati. Kufikia 1997 kampuni kama Cisco na F5 zilikuwa zikiuza vifaa maalumu vya kukaa mbele ya seva, kupokea maombi yote na kuyagawa, na kuacha kuipelekea seva iliyokufa. Mei 1998 Wensong Zhang wa China alianzisha Linux Virtual Server, iliyofanya kazi hiyo bure ndani ya Linux. Mfaransa Willy Tarreau akatoa HAProxy mwaka 2001, Mrusi Igor Sysoev akatoa Nginx mwaka 2004. Kanuni zilizotumika zilikuwa zile nyepesi: kwa zamu, au kwa seva yenye wateja wachache.

Kuna mzigo ambao kanuni hizo haziuwezi. Ukurasa mmoja unaweza kupendwa ghafla na ulimwengu mzima kwa saa chache. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hali hiyo siku matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, mzazi, mwalimu na mwanafunzi wote wakifungua anwani moja kwa dakika ileile. Dawa ni kutawanya nakala kwenye seva nyingi, lakini kila mtu ajue nakala ipi iko wapi. Njia ya kizamani ilikuwa kuugeuza ukurasa kuwa namba, kuigawanya kwa idadi ya seva na kutazama baki. Seva zikiwa 10 na ukaongeza moja, karibu asilimia 91 ya kurasa zinabadili makazi, akiba yote inapotea, na mzigo unarudi kwenye chanzo wakati ule ule ulipokuwa ukijaribu kukiokoa.

Mwaka 1997 David Karger, Tom Leighton, Daniel Lewin na wenzao wa MIT walipendekeza kuzipanga seva na kurasa kwenye duara moja la namba, kila ukurasa ukimilikiwa na seva inayoufuata kwenye duara. Ukiongeza seva ya 11, asilimia 9 tu ya kurasa zinahama. Leighton na Lewin walianzisha kampuni ya Akamai mwaka 1998 juu ya wazo hilo. Lewin aliuawa ndani ya ndege ya kwanza iliyotekwa tarehe 11 Septemba 2001, akiwa na miaka 31; na siku hiyo tovuti za habari zilizofurika wasomaji zilibebwa kwa sehemu kubwa na kazi aliyoifanya.

Mkia: 2004–2013

Google ilichagua mapema kutumia maelfu ya kompyuta za bei nafuu. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat walieleza MapReduce, mfumo wao wa kuzifanyisha kazi pamoja, na ndani ya makala hiyo mna jaribio linalostahili kutazamwa kwa karibu. Walipanga kwa mfuatano rekodi bilioni 10 zenye jumla ya terabaiti moja, wakitumia karibu mashine 1,700. Kazi ilipita vizuri hadi sekunde ya 960, na hapo vilibaki vipande vitano tu kati ya maelfu. Hivyo vitano vilichukua sekunde nyingine 300. Kwa dakika tano nzima karibu klasta yote ilisimama ikivisubiri vitano.

Mashine zilizochelewa hazikuwa zimepewa kazi nyingi. Dean na Ghemawat wanaeleza mashine ambayo diski yake ilikuwa inaanza kuharibika, ikawa inasoma megabaiti 1 kwa sekunde badala ya 30, bila kutoa kilio chochote kwa kuwa kila kosa iliweza kulisahihisha yenyewe. Wanaeleza pia hitilafu iliyokuwa imezima akiba ya ndani ya prosesa kwenye baadhi ya mashine, zikawa polepole zaidi ya mara 100. Mgawanyo wa kazi ulikuwa sawa kabisa kwenye karatasi. Tiba yao ilikuwa ya moja kwa moja: kazi ikikaribia mwisho, vipande vilivyobaki vinapewa mashine za pili pia, na atakayemaliza kwanza ndiye anayehesabiwa. Kwa tiba hiyo kazi nzima ilichukua sekunde 891. Bila hiyo, 1,283, yaani asilimia 44 zaidi.

Mwaka 2013 Dean na Luiz André Barroso, Mbrazili aliyesimamia ujenzi wa vituo vya kompyuta vya Google, waliligeuza fundisho hilo kuwa hesabu ya kila huduma kubwa. Chukua seva ambayo kwa kawaida inajibu kwa milisekunde 10, na ombi moja tu kati ya 100 linachukua sekunde nzima. Seva nzuri hiyo. Sasa utafutaji mmoja ukilazimika kuuliza seva 100 kama hiyo kwa pamoja na kusubiri zote, asilimia 63 ya watafutaji watangoja zaidi ya sekunde. Kile kilichokuwa nadra kwa seva ndicho cha kawaida kwa mtu. Kuanzia hapo wahandisi wa huduma kubwa walizidi kuyahamisha macho kutoka wastani kwenda kwenye mkia: ombi la 99 kati ya 100, la 999 kati ya 1,000. Wawili hao walionyesha jaribio la kusoma data kutoka seva 100, ambapo ombi lisilojibiwa ndani ya milisekunde 10 lilirudiwa kwa seva nyingine yenye nakala. Mkia wa 999 kati ya 1,000 ulishuka kutoka milisekunde 1,800 hadi 74, kwa gharama ya maombi asilimia 2 zaidi.

Katika miaka hiyo pia Gil Tene wa Azul Systems alianza kupita mikutanoni akiwaonya wahandisi kwamba vyombo vyao vya kupimia vinawadanganya. Chombo cha kawaida hutuma ombi, husubiri jibu, kisha hutuma lingine. Tuseme seva inajibu kwa milisekunde 10 kwa muda wa sekunde 50, halafu inaganda kwa sekunde 50. Chombo kitarekodi majibu 5,000 mazuri na moja baya. Kitatangaza wastani wa milisekunde 20. Lakini wateja halisi hawamsubiri mwenzao apate jibu ndipo waje. Nusu yao wamefika wakati seva imeganda, na ukihesabu kusubiri kwao, wastani wa kweli unapita sekunde 12. Chombo kiliacha kuuliza pale ambapo kilipaswa kuuliza zaidi. Mpimaji anayetaka ukweli hutuma maombi kwa ratiba isiyojali majibu, na muda anauhesabu tangu ombi lilipopaswa kuondoka.

Kilichopaswa kusawazishwa: 2016–2024

Mwaka 2016 Google ilichapisha maelezo ya Maglev, mfumo wa kugawa mzigo uliokuwa ukifanya kazi ndani yake tangu 2008 kwenye seva za kawaida, bila vifaa maalumu vya bei kubwa. Mwaka 2018 Nginx iliongeza njia ya kuchagua seva mbili kwa nasibu, miaka 22 baada ya tasnifu ya Mitzenmacher. HAProxy nayo ikaifuata. Sababu mojawapo ya kuchukua muda mrefu hivyo ni kwamba wagawaji walipokuwa wachache kila mmoja aliziona foleni zote. Walipoongezeka, kila mmoja akiona kipande chake tu, ile hatari ya wote kukimbilia seva moja ikawa ya kila siku.

Kisha mwaka 2024 wahandisi wa Google wakaeleza Prequal, mfumo walioutia kwenye YouTube, katika makala ambayo jina lake lilitangaza kwamba mzigo si kitu cha kusawazisha. Kabla yake walikuwa wakilinganisha matumizi ya prosesa, na kwa kipimo cha kila dakika seva zao zilionekana kuwa sawa vizuri. Walipopima kwa kila sekunde, wakaona seva nyingi zikivuka mgao wake kwa vipindi vifupi kisha kutulia, na katika vipindi hivyo maombi ya watu yalikwama. Zaidi ya hayo, seva hizo zinakaa kwenye mashine moja na kazi za wengine, kwa hiyo mgao uleule una nguvu tofauti kutegemea jirani anafanya nini.

Prequal inauliza seva chache za nasibu mapema, kabla ombi halijafika, na inapata majibu mawili: una maombi mangapi mkononi, na ombi linalofika sasa unadhani litachukua muda gani. Seva zenye maombi mengi kupita kiasi huwekwa kando. Katika zilizobaki huchaguliwa inayotarajiwa kujibu upesi. Zote zikiwa zimejaa, huchaguliwa yenye maombi machache. Prosesa za seva hizo hazilingani tena, na watazamaji wanahudumiwa vizuri zaidi kuliko zilipokuwa zinalingana.

Klasta zinazoendesha programu za kuzungumza na watu kwa lugha ya kawaida zimelirudisha swali kwa sura ngumu zaidi. Ombi linapofika hakuna anayejua jibu lake litakuwa maneno kumi au elfu mbili. Prosesa inayolihudumia inashikilia kumbukumbu ya mazungumzo yote yaliyotangulia, kwa hiyo kumrudisha mtu kwenye seva aliyotoka kunaokoa kazi kubwa, hata kama foleni ya pale ni ndefu kuliko ya jirani. Na wapimaji wameacha kutumia muda mmoja wa kusubiri. Wanapima kivyake muda wa kungoja neno la kwanza, na kivyake pengo kati ya neno na neno; hatua ya kusoma swali na hatua ya kuandika jibu zinabana sehemu tofauti za mashine, na baadhi ya klasta tayari zimezitenganisha hatua hizo mbili kwenye mashine mbalimbali, kila moja na foleni yake.